Uchanganuzi wa data katika uendelezaji wa mikusanyo ya maktaba za vyuo

Uchanganuzi wa data katika uendelezaji wa mikusanyo ya maktaba ni matumizi ya takwimu za uazimaji, usomaji, utafutaji na gharama katika kuamua ni vitabu, majarida na machapisho gani ya kidijiti yanunuliwe, yatunzwe, yahamishwe au yaondolewe katika maktaba ya chuo. Kazi hiyo hufanywa na wakutubi wakishirikiana na walimu wa idara mbalimbali.

Mkusanyo wa maktaba ni jumla ya vitu vyote inavyowapa wasomaji wake: vitabu vya rafuni, majarida, tasnifu, ramani, magazeti na machapisho yanayosomwa kwa kompyuta au simu. Kuuendeleza ni kuujenga kwa mpango, kulingana na masomo yanayofundishwa na utafiti unaofanyika chuoni. Fedha za maktaba ni chache kuliko mahitaji, kwa hiyo kila kitabu kinachonunuliwa huchukua nafasi ya kingine kilichoachwa. Takwimu husaidia uchaguzi huo usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja au sauti ya idara inayodai zaidi. Hata hivyo takwimu huonyesha kilichotumika. Kilichohitajika kikakosekana huonekana kwa shida, na mara nyingi hakionekani kabisa.

## Historia

Kabla ya kompyuta, takwimu za kitabu zilikuwa ndani ya kitabu chenyewe. Karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye jalada la ndani ilipigwa muhuri wa tarehe ya kurudisha kila kilipoazimwa. Mkutubi aliyefungua jalada aliona mara moja kama kitabu kilitoka mara 30 au kama karatasi yake ilikuwa bado nyeupe.

Mwaka 1931 mkutubi wa India S. R. Ranganathan alitoa kanuni tano za ukutubi. Tatu za kwanza zinasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Mwaka 1934 Mwingereza Samuel Bradford alionyesha kwamba sehemu kubwa ya makala za somo fulani hupatikana katika majarida machache, na zilizobaki hutawanyika katika majarida mengi sana.

Mwaka 1961 Herman Fussler na Julian Simon wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba matumizi ya kitabu katika miaka iliyopita ni dalili nzuri ya matumizi yake ya baadaye. Mwaka 1969 Mmarekani Richard Trueswell alieleza kanuni iliyopata umaarufu kwa jina la 80/20: takriban asilimia 80 ya uazimaji hutokana na takriban asilimia 20 ya vitabu.

Utafiti uliozua mjadala mkubwa ni ule wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uliochapishwa mwaka 1979 chini ya uongozi wa Allen Kent. Ulionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja hadi mwisho wa 1975. Baadhi ya wanazuoni waliupinga. Walisema kwamba kazi ya maktaba ya utafiti haipimwi kwa uazimaji peke yake, na kwamba kitabu kinaweza kusubiri miaka mingi kabla ya kupata mtu anayekihitaji. Mjadala huo haujaisha.

Majarida yalipohamia kwenye intaneti, kila mchapishaji alihesabu wasomaji kwa namna yake, na hesabu hizo hazikuweza kulinganishwa. Mpango wa kimataifa wa COUNTER ulianzishwa mwaka 2002 ili kuweka kanuni moja ya kuhesabu. Toleo la tano la kanuni hizo lilianza kutumika mwaka 2019.

## Vyanzo vya data

Programu ya maktaba. Programu hii hutunza orodha ya vitabu na kumbukumbu za uazimaji. Mojawapo ni Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Haina ada ya leseni, na vyuo kadhaa vya Tanzania vinaitumia. Kutoka humo mkutubi hupata idadi ya uazimaji wa kila kitabu, tarehe ya mwisho kilipotoka, na wasomaji walio kwenye foleni ya kukingojea.

Usomaji wa ndani. Wanafunzi wengi husoma vitabu mezani bila kuviazima. Ili matumizi hayo yahesabiwe, wasomaji huombwa wasirudishe vitabu rafuni wenyewe. Mhudumu huvikusanya na kusoma alama ya kila kimoja kwa mashine kabla ya kukirudisha.

Taarifa za wachapishaji. Taarifa za COUNTER huonyesha mara ngapi makala au kitabu cha kidijiti kilitazamwa, na mara ngapi maandishi yake kamili yalifunguliwa. Huonyesha pia maombi yaliyokataliwa kwa sababu maktaba haikulipia chapisho husika, au kwa sababu idadi ya wasomaji wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja ilikuwa imejaa.

Hazina ya kidijiti ya chuo. Tasnifu na makala za wanachuo huhifadhiwa humo, mara nyingi kwa programu ya DSpace iliyotolewa mwaka 2002. Programu hiyo huhesabu upakuaji wa kila faili.

Kumbukumbu za utafutaji. Haya ni maneno ambayo wasomaji waliandika kwenye orodha ya maktaba. Yenye faida kubwa ni yale yaliyoleta jibu la sifuri.

Silabasi na tasnifu. Orodha za vitabu vya lazima hulinganishwa na vilivyopo rafuni. Marejeo ya mwisho wa tasnifu huonyesha wanafunzi walisoma nini hasa, hata kama walikipata nje ya maktaba.

## Vipimo vinavyotumika

Vipimo vya kawaida havihitaji hesabu ngumu. Mifano ifuatayo ni ya kufundishia tu.

*Uwiano wa matumizi.* Tuseme maktaba ina vitabu 20,000, na vya kilimo ni 2,000, yaani asilimia 10. Katika mwaka mmoja vitabu vyote viliazimwa mara 8,000, na vya kilimo mara 2,000, yaani asilimia 25. Ukigawa 25 kwa 10 unapata 2.5. Somo lenye uwiano unaozidi 1 hutumika kuliko ukubwa wake rafuni, na lenye uwiano chini ya 1 hutumika kidogo. Kabla ya kununua vitabu vingi vya kilimo, mkutubi huangalia kama uazimaji umeenea katika vitabu vingi au umetokana na kitabu kimoja cha kiada. Katika hali ya pili, dawa ni kuongeza nakala za kitabu hicho.

*Gharama kwa kila matumizi.* Jarida la kwanza linalipiwa shilingi 3,000,000 kwa mwaka na makala zake zimefunguliwa mara 600, yaani shilingi 5,000 kwa kila mara. La pili linalipiwa shilingi 900,000 na limefunguliwa mara 15, yaani shilingi 60,000 kwa kila mara. Hesabu inaonyesha kwamba la pili ni ghali kutumiwa ingawa bei yake ni ndogo. Lakini kama ndilo pekee linalohusu utafiti wa wanafunzi wachache wa shahada za juu, mkutubi hutafuta kwanza njia ya kuwapatia makala moja moja kabla ya kulisitisha.

*Uwiano wa foleni.* Nakala mbili zikisubiriwa na wasomaji 20, upungufu uko wazi. Kama foleni hutokea wiki mbili tu kabla ya mitihani, nakala moja inaweza kuwekwa kwenye rafu ya vitabu vinavyoazimwa kwa saa chache.

*Umri wa mkusanyo.* Hupima vitabu vya somo fulani vilichapishwa lini. Katika tiba, sheria na kompyuta, kitabu cha zamani kinaweza kumpotosha mwanafunzi. Katika historia, fasihi na lugha, umri wa kitabu haupunguzi thamani yake.

## Hali ya Tanzania na Afrika Mashariki

Maktaba za vyuo katika eneo hili hufanya kazi katika mazingira yanayobadilisha maana ya takwimu. Baadhi zina wajibu wa kisheria wa kutunza machapisho ya nchi. Sheria ya mwaka 1962 iliifanya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam kuwa mahali pa kuweka nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, na nchini Uganda Makerere ilipewa jukumu kama hilo mwaka 1958. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni maktaba ya taifa ya kilimo tangu mwaka 1991. Maktaba za aina hii hazitakiwi kuondoa chapisho la nchini kwa sababu tu halikuazimwa. Nakala hiyo inaweza kuwa miongoni mwa chache zilizobaki.

Nafasi nayo ina uzito wake. Jengo jipya la maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, lilipangiwa uwezo wa vitabu 800,000. Vyuo vingi havina nafasi kama hiyo, na kwao swali la kitabu kipi kihamishwe ghalani linarudi kila mwaka.

Machapisho ya kidijiti hununuliwa zaidi kwa ushirika. Tanzania kuna COTUL, Kenya kuna KLISC na Uganda kuna CUUL. Vyuo wanachama huchangia ada, na takwimu za matumizi huwasaidia kujua ni machapisho yapi yaendelee kulipiwa. Aidha, mpango wa Research4Life, ulioanza na majarida ya afya mwaka 2002 na ya kilimo mwaka 2003, hutoa machapisho bure au kwa gharama ndogo kwa taasisi za nchi za kipato cha chini. Chapisho linalopatikana kwa njia hiyo halina haja ya kulipiwa mara ya pili, kwa hiyo kulinganisha orodha ni hatua ya kwanza ya kuokoa fedha.

## Mfano: mada za Kyela na Ziwa Nyasa

Ugumu wa kusoma takwimu unaonekana vizuri katika machapisho yanayohusu eneo moja. Ikolo ni kata ya Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wilaya hiyo inajulikana kwa mpunga, kakao na michikichi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Kyela. Maktaba za vyuo vikuu zilizo karibu ziko katika jiji la Mbeya, umbali wa zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya kupitia Tukuyu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, anaweza kuwa anaishi Ikolo na kusoma kwa simu.

Maktaba ikihesabu uazimaji wa vitabu kuhusu eneo hilo, huenda ikapata idadi ndogo sana. Idadi hiyo inaweza kuwa na sababu zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza ni majina. Ziwa linaloitwa Nyasa nchini Tanzania huitwa Malawi ng'ambo ya pili, na vitabu vimeorodheshwa kwa jina hili au lile. Samaki anayeitwa *mbasa* Kyela huitwa *mpasa* nchini Malawi, na watafiti humwandika kwa jina la kisayansi *Opsaridium microlepis*. Kyela yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na wakati wa Wajerumani eneo hilo lilikuwa chini ya wilaya iliyoitwa Langenburg. Wanyakyusa nao waliitwa Wakonde katika vitabu vingi vya zamani. Kwa hiyo anayeandika "Kyela" kwenye orodha anaweza kupata sifuri ilhali vitabu viko rafuni. Kumbukumbu za utafutaji ndizo zinazofichua tatizo hili, na dawa yake ni kuongeza majina kwenye kumbukumbu za vitabu, kazi isiyohitaji kununua chochote.

Sababu ya pili ni namna kitabu kinavyotumika. Mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Kutokana na utafiti huo Monica alichapisha *Good Company* (1951), *Rituals of Kinship among the Nyakyusa* (1957) na *Communal Rituals of the Nyakyusa* (1959). Vitabu vya namna hii havisomwi na darasa zima. Husomwa na mtafiti mmoja baada ya miaka kadhaa, lakini mtafiti huyo hana kingine cha kushika badala yake. Kwa kipimo cha tarehe ya mwisho kuazimwa, vingekuwa vya kwanza kuondolewa. Kwa kipimo cha kile ambacho nchi ingepoteza, vingekuwa vya mwisho.

Sababu ya tatu ni umbali. Mwanafunzi aliye Ikolo hatajwi katika uazimaji wa maktaba asiyofika. Majarida mengi ya kulipia hufunguka kwa mtandao wa chuo tu, na aliye nje hana budi kupewa njia ya kuingia kwa nywila. Asipoijua njia hiyo, huacha, na kuacha kwake hakuandikwi popote. Uamuzi unaotegemea uazimaji peke yake humpa zaidi aliye karibu na mlango wa maktaba na kumpunguzia aliye mbali, kisha takwimu za mwaka unaofuata huonekana kuthibitisha kwamba wa mbali hakuhitaji kitu.

## Makosa ya kawaida

* Kuhesabu kopi kama msomaji mmoja. Kitabu kilichoazimwa mara moja na kupelekwa kwenye kibanda cha fotokopi kinaweza kusomwa na darasa zima. Programu ya maktaba huandika 1.
* Kuhesabu mashine kama watu. Programu zinazozunguka kwenye intaneti kukusanya kurasa hupandisha idadi ya upakuaji katika hazina za kidijiti. Sharti ziondolewe kwenye hesabu.
* Kulinganisha masomo yasiyolingana. Wanafunzi wa hisabati huweza kutumia kitabu kimoja muhula mzima, na wa fasihi hupitia vingi. Kila somo hulinganishwa na miaka yake yenyewe.
* Kutumia mwaka mmoja. Chuo kilichofungwa kwa muda, kozi iliyosimamishwa au mtandao uliokatika huweza kupotosha mwaka mzima. Miaka mitatu hadi mitano hutoa picha bora.
* Kudhani kwamba kitabu kisichoazimwa hakitakiwi. Huenda kimewekwa rafu isiyo yake, kimeorodheshwa vibaya, au kimepotea. Wakutubi wazoefu huenda kwanza rafuni kukiangalia kwa macho.

## Faragha ya wasomaji

Kumbukumbu za uazimaji huonyesha mtu anasoma nini, na kwa hiyo zinaweza kufichua ugonjwa wake, imani yake au msimamo wake wa kisiasa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa kupanga mkusanyo, maktaba haihitaji kujua nani alisoma. Inatosha kujua kitabu kipi, lini, na labda msomaji ni wa kozi gani. Programu nyingi za maktaba, Koha ikiwemo, zinaweza kufuta jina la msomaji baada ya kitabu kurudi huku zikibakiza hesabu. Pale ambapo kozi ina wanafunzi wawili au watatu, hata jina la kozi linaweza kumtambulisha mtu, na ni busara kuliunganisha na kozi nyingine.

## Hatua za kufuata

1. Kuandika swali kabla ya kuchota data, kwa mfano: "Ni masomo gani yenye foleni ndefu kuliko nakala?" Data iliyochotwa bila swali huishia kwenye jedwali lisilosomwa.
2. Kusafisha orodha: kuunganisha kumbukumbu zilizorudiwa, kusahihisha majina na kuhakikisha vitabu vilivyopotea vimeandikwa hivyo.
3. Kuweka pamoja vyanzo viwili au zaidi, kwa mfano uazimaji na silabasi, au gharama na maombi yaliyokataliwa.
4. Kutenga mapema machapisho yasiyoguswa na hesabu: ya kisheria, ya historia ya eneo, ya lugha za nchini, na nakala za pekee.
5. Kupeleka orodha ya mapendekezo kwa walimu na wawakilishi wa wanafunzi, wakiwemo wanaosoma kwa masafa, na kuwapa muda wa kupinga.
6. Kuandika uamuzi na sababu zake, kisha kuupima baada ya mwaka mmoja au miwili.

Maktaba ndogo isiyo na mtaalamu wa data inaweza kuanza na jedwali la kawaida la kompyuta, au hata daftari lenye safu nne: somo, idadi ya vitabu, idadi ya uazimaji, na maombi ambayo hayakupata jibu. Safu ya nne huhitaji mhudumu aandike kila msomaji anapoondoka bila alichokuja kukitafuta. Ni kazi ya dakika moja, nayo hutoa habari ambayo programu ya maktaba haiwezi kuikusanya yenyewe.

## Tazama pia

* Maktaba
* Ukutubi
* Takwimu
* Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
* Chuo Kikuu Huria cha Tanzania
* Wilaya ya Kyela
* Ziwa Nyasa